Wenzetu hupima theluji wakajua mto utaleta maji kiasi gani. Sisi wa Sabaki tupime nini?

Mkulima_Bondeni (Malindi)

Assalaam aleikum wadau.

Tuna mashamba kando ya Sabaki, pampu zimefungwa ukingoni. Kila masika na kila vuli swali ni lile lile: pampu ivutwe juu lini? Ukiivuta mapema miche inakauka mbele ya macho, ukichelewa mto unaondoka nayo.

Nimesikia nchi za baridi hupanda mlimani mwisho wa Machi, wakapima theluji, wakatangaza mto utaleta maji kiasi gani mpaka Julai. Sasa nauliza mawili. Kwanza, wanapima kwa kifaa gani na hesabu yake inakwendaje? Pili, Tsavo unapata maji ya Kilimanjaro, na Tsavo ndio unaoungana na Athi tukapata Galana, yaani Sabaki yetu. Theluji ya Kilimanjaro ikipimwa itatuambia lolote?

Naomba vipimo na hesabu, maneno ya jumla tunayo ya kutosha.

---

Bi_Kipimo (Malindi)

Waaleikum salaam. Nianze na la pili kwa kuwa ni fupi: haitakuambia kitu.

Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Tuchukue hizo 2, kisha tuwe wakarimu: tuseme kila mwaka inayeyuka kiasi cha maji ya kina cha mita 1 nzima. Hiyo ni mita za ujazo milioni 2. Mwaka una sekunde kama milioni 31.5, kwa hiyo unapata lita 63 kwa sekunde. Hapo umepata mfereji wa shamba, hujapata mto. Na kule kileleni sehemu kubwa ya barafu haigeuki maji kabisa, hupaa hewani moja kwa moja kwa jua kali na hewa kavu. Maji ya Tsavo ni mvua ya misitu ya mlimani, na chemchemi za Mzima, ambazo nazo ni mvua ya Chyulu iliyozama kwenye mawe ya volkano ikatokea chini. Mkondo wa Mzima haubadiliki sana msimu hata msimu, ndiyo maana Mombasa ilivutiwa bomba kutoka pale.

Sasa la kwanza. Anayepima theluji hatafuti kina. Theluji mpya ya kina cha sentimita 100 inaweza kuwa na maji ya sentimita 10 tu. Hiyo hiyo ikikaa, ikajikandamiza, ikafika Machi, sentimita 100 zina maji 30 hadi 40. Anachotafuta ni maji yaliyomo: kama theluji yote ingeyeyuka pale pale ilipolala, yangesimama kwa kina gani?

Kifaa cha zamani ambacho bado kinatumika ni bomba la aluminiamu. Asili yake ni James Church, mwalimu wa chuo kikuu cha Nevada huko Reno, aliyekuwa akipanda Mount Rose mwanzoni mwa karne ya 20. Bomba linaungwa kwa vipande vya inchi 30, na mdomo wake una meno ya kukatia barafu. Ujanja uko kwenye upana wa mdomo: inchi 1.485 kwa ndani. Kwa upana huo, kila aunsi moja ya theluji ni inchi moja ya maji. Mizani ya springi imechorwa inchi za maji badala ya uzito, kwa hiyo mpimaji hapigi hesabu yoyote na mikono imeganda. Kwa vipimo vyetu, mdomo una eneo la sentimita za mraba 11.17, maana yake kila gramu 11.17 ni sentimita 1 ya maji. Ukitoa bomba lenye theluji ya gramu 536, una maji ya sentimita 48. Kina kikiwa sentimita 160, msongamano ni 48 gawa kwa 160, yaani asilimia 30.

Jinsi ya kulitumia, na hapa ndipo wengi huharibu. Bomba liachwe nje kwanza lipoe sawa na hewa. Likiwa na joto la gari, theluji inagandia ndani na kuziba. Lipimwe tupu, hapo hapo mahali pa kazi. Lisukumwe wima bila kusitasita, likigonga tabaka la barafu lizungushwe kwa mpini ili meno yakate. Usilipige kama nguzo ya ua. Likifika chini lisukumwe kidogo zaidi lichukue kipande cha udongo. Ule udongo ndio kizibo kinachozuia theluji isianguke, na ndio ushahidi kwamba umefika chini kweli wala hukuishia kwenye barafu ya katikati. Unasoma kina kwa nje, unalitoa, unaukwangua udongo na kutoa urefu wake kwenye kile kina, kisha unatazama urefu wa theluji kupitia tundu za ubavuni. Ikiwa theluji iliyomo ni fupi kuliko asilimia 90 ya kina, mara nyingi mdomo uliziba njiani na bomba likawa linaisukuma theluji pembeni. Mwaga, rudia hatua moja kando.

Hufanyi mara moja ukaondoka. Ni mstari wenye vituo kama 10, kwenye uwazi uliokingwa na upepo na usio chini ya matawi, na kila mwaka ni pale pale, nguzo zimesimikwa. Unachukua wastani. Kituo kimoja kikitoa msongamano wa asilimia 45 na wenzake wote wako 30, tatizo ni bomba lako, si theluji.

---

Fundi_Sensa (Lamu)

Bi Kipimo kasema vizuri, ila bomba hilo lina dhambi moja ambayo hakuitaja: huzidisha. Meno yale huingiza theluji zaidi kidogo ya upana wa mdomo, na majaribio yameonyesha ziada ya karibu asilimia 10. Wanaolitumia hawahangaiki sana kwa sababu wanalinganisha mwaka na mwaka kwa bomba lile lile. Hatari inakuja pale unapochanganya vipimo vyake na vya mashine.

Mashine yenyewe inaitwa mto wa theluji. Mto wa kulalia, jamani, si mto wa maji. Ni mfuko mkubwa bapa, upana wa kama mita 3 kwa 3, uliojazwa kimiminika kisichoganda na kulazwa ardhini kabla ya majira ya baridi. Theluji inaulalia, shinikizo linapanda, sensa (yaani kihisi) inalisoma. Shinikizo la maji ya sentimita 48 ni lile lile ikiwa theluji ni nene na nyepesi au nyembamba na nzito, kwa hiyo unapata jibu la maji moja kwa moja bila kujua kina. Marekani wana mtandao wa vituo vya namna hii zaidi ya 800 katika milima ya magharibi, unaitwa SNOTEL, ulianza miaka ya 1970. Mwanzoni vituo vilituma taarifa kwa kurudisha mawimbi ya redio kwenye mikia ya vimondo angani, maana huko milimani hakukuwa na mtandao wa simu wala umeme.

Mto wa theluji unadanganya namna mbili. Theluji ikiyeyuka kidogo na kuganda tena, tabaka la barafu hujenga daraja juu ya mfuko, likashikwa na theluji ya pembeni. Uzito hauufikii mfuko, namba inashuka na theluji iko pale pale. Siku moja daraja linavunjika, namba inaruka ghafla na hakukuwa na theluji mpya. La pili ni mfuko kuvuja. Hapo grafu inashuka polepole hata usiku wa baridi kali ambapo hakuna kinachoweza kuyeyuka. Ukiona hivyo usiandike kwamba theluji imepungua, mtume fundi.

Kando ya mfuko husimamishwa nguzo yenye sensa ya kina inayopiga sauti chini na kungoja mwangwi. Hii bila kipimajoto haifai. Sauti hukimbia mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0 na hupungua baridi ikizidi. Sensa iko juu mita 4, theluji ina sentimita 160, umbali ni 240. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri na hukurekebisha, sensa itasoma karibu 244.5, na wewe utaamini theluji imepungua sentimita 4 na nusu usiku mmoja.

Setelaiti nayo ina kazi yake, ila watu huitegemea kwa jambo isilolijua. Inaona theluji imefunika wapi, haioni ina maji kiasi gani. Theluji hung'aa sana kwa mwanga wa kawaida na huwa nyeusi kwenye infraredi ya mawimbi mafupi. Mawingu hung'aa kote kuwili. Unachukua mwanga wa kijani ukatoa infraredi hiyo, ukagawa kwa jumla ya hizo mbili. Jibu likizidi 0.4, kwa kawaida huhesabiwa theluji. Kamera ya setelaiti iitwayo MODIS hupita kila siku lakini kila nukta ya picha ni mita 500, Sentinel-2 ina mita 10 hadi 20 ila hurudi kila siku 5. Chini ya msitu mnene zote zinapapasa. Ndege yenye leza hufanya vizuri zaidi: inapima ardhi tupu wakati wa kiangazi, inapima tena ikiwa na theluji, tofauti ndiyo kina. Msongamano bado unautoa kwa bomba au kwa modeli.

---

Mkulima_Bondeni

Nimekaa na hesabu ya lita 63 nikacheka peke yangu. Basi Kilimanjaro tumeiacha.

Lakini hamjasema wanavukaje kutoka sentimita 48 za maji hadi kusema mto utaleta kiasi gani.

---

Bi_Kipimo

Kuna njia mbili, na hujibu maswali mawili tofauti.

Ya kwanza ni ya ujazo wa msimu mzima. Unachukua vipimo vya Aprili mosi vya miaka 20 au 30, upande wa pili unaweka jumla ya maji yaliyopita kwenye kituo cha mto Aprili hadi Julai kila mwaka, unachora nukta na kupitisha mstari. Mwaka huu ukipima unasoma kwenye mstari. Church alifanya hivyo kwa Ziwa Tahoe, tena alitumia asilimia tu: theluji ikiwa asilimia 80 ya kawaida, tarajia ziwa lipande karibu asilimia 80 ya kawaida.

Ya pili ni ya siku kwa siku. Kila nyuzi 1 ya wastani wa siku juu ya sifuri huyeyusha milimita 3 hadi 6 za maji. Kidogo theluji ikiwa mpya, zaidi ikiwa kuukuu na chafu. Tuchukue 4. Siku yenye wastani wa nyuzi 6 inatoa milimita 24. Kwenye bonde la kilomita za mraba 100 lililofunikwa lote, hiyo ni mita za ujazo milioni 2.4 kwa siku, karibu mita za ujazo 28 kwa sekunde kama zote zingefika mtoni. Milimita 480 zitakwisha kwa siku 20. Hapa ndipo picha za setelaiti zinapopata thamani, kwa sababu kila wiki eneo lililofunikwa linapungua na wewe unazidisha kwa eneo lililobaki tu.

Inapokosea hasa ni udongo. Mwaka 2021 huko Sierra Nevada ya California theluji ilipimwa, utabiri ukatolewa, na maji mengi yaliyotarajiwa hayakufika mabwawani. Udongo ulikuwa umekaushwa na ukame, ukanywa kwanza. Bomba lilikuwa sahihi, mizani ilikuwa sahihi, mstari wa miaka iliyopita ndio haukujua kiu ya ardhi ile.

---

Mwalimu_Ramani (Malindi)

Hilo la udongo ndilo la kubeba kuja nalo Malindi, ndugu Mkulima. Wenzetu wana bahati moja tu: mvua yao inalala mlimani miezi minne kabla ya kuteremka, kwa hiyo kuna ghala la kupimwa. Mvua ya Nairobi, Kiambu na Machakos hailali popote. Inashuka Athi, inapita Fourteen Falls, inazunguka Yatta, inakutana na Tsavo, na baada ya siku kadhaa iko chini ya daraja letu na bahari imegeuka rangi ya udongo mpaka mbele ya hoteli. Kutaka utabiri wa miezi minne wa masika kwa Sabaki ni kujidanganya. Vuli ina afadhali: upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa mashariki, kama 2019, mvua ya Oktoba hadi Desemba huwa kubwa, na hilo huonekana wiki kadhaa mapema. Lakini hiyo inakuambia ukope pesa ya mbegu au usikope. Haikuambii pampu itoke Jumanne.

Kwa pampu una vitu viwili vya kupima: kiu ya ardhi na safari ya maji.

Kiu ya ardhi weka kwenye daftari. Chukua mvua ya kila siku ya Athi ya juu (makadirio ya setelaiti ya GPM hupatikana bure saa chache tu baada ya mvua), kisha kila asubuhi zidisha namba ya jana kwa 0.9 na uongeze mvua ya leo. Jana ilikuwa 30, leo imenyesha milimita 20, namba mpya ni 47. Mwanzo wa msimu namba iko chini, milimita 50 zinaweza kupotea zote ardhini. Ikishapanda na kukaa juu, milimita 50 hizo hizo zinakuja karibu kama zilivyo. Ile 0.9 si msahafu, jaribu 0.85 hadi 0.95 uone ipi inafuatana na mto wako.

---

Baharia_wa_Kipini (Lamu)

Naongeza la Tana kwa wanaosoma kutoka huku kwetu, maana barabara ya Garsen ikifunikwa Lamu nzima inakosa mboga. Tana tuna kitu kinachofanana na ghala la theluji: mabwawa ya Seven Forks. Masinga likijaa hufika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na linabeba takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Likiwa chini mno mwezi wa Oktoba, mvua kubwa ya Mlima Kenya itakamatwa. Likiwa limebakiza nusu mita mvua ikiendelea, kinachoingia ndicho kitakachotoka, na Kiambere chini yake hivyo hivyo. Kwa hiyo fuata matangazo ya kina cha bwawa kwanza, kisha kipimo cha Garissa, halafu ndipo utazame wingu la Garsen. Wengi hufuata kinyume chake.

---

Mkulima_Bondeni

Sabaki haina mabwawa kama ya Seven Forks, kwa hiyo nimebaki na kiu ya ardhi na safari. Hiyo safari naipimaje bila pesa ya sensa?

---

Bi_Kipimo

Kwa timazi ya waashi na tepu.

Panga na mtu wa juu ya mto, mbali kadiri unavyoweza, mwenye daraja au mwamba usiotikisika. Piga alama ya rangi kwenye ukingo wa daraja, teremsha timazi iliyofungwa kwenye tepu mpaka iguse maji, andika umbali. Umbali ukipungua, mto umepanda. Saa 3 asubuhi kila siku, ukianza kupanda kila baada ya saa 3. Wewe fanya hivyo hivyo kwako. Usishuke ukingoni na rula: mamba na viboko wa Sabaki hawajali takwimu.

Ukishapata vilele viwili au vitatu vya maji kwa kila upande, tofauti ya saa ndiyo muda wako wa kuvuta pampu. Kabla ya hapo tumia makadirio. Wimbi la mafuriko hukimbia kuliko maji yenyewe, kama mara moja na nusu. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, wimbi huenda kama kilomita 130 kwa siku. Kilomita 300 ni siku mbili na saa chache. Maji yakipanda juu ya kingo na kutawanyika bondeni wimbi linachelewa na kujilaza, kwa hiyo mafuriko makubwa sana huweza kufika taratibu kuliko ya kati.

Ukitaka kujua wingi wa maji, pima mwendo. Chupa ya plastiki ijazwe maji mpaka ibaki shingo tu juu. Chupa tupu inasukumwa na upepo wa kusi, utapima kusi badala ya mto. Ikipita mita 20 kwa sekunde 25, ni 0.8 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa kuwa juu hukimbia kuliko chini: 0.68. Mto wa upana mita 60 na wastani wa kina mita 1.2 una mita za mraba 72, unapata mita za ujazo 49 kwa sekunde. Rudia hesabu ya kina kila baada ya mafuriko, maana mchanga wa Sabaki huhama. Umbali ule ule wa timazi mwezi uliopita na leo unaweza kuwa na maji tofauti kabisa chini yake.

---

Mwalimu_Ramani

Na asitumie daraja la barabara ya Lamu bila kulijaribu. Liko karibu na mdomo wa mto. Kiangazi, siku za bamvua, pima kila nusu saa kwa saa 13. Namba zikipanda na kushuka kufuata bahari, hapo unapima kujaa na kupwa. Sogea juu mpaka bamvua isionekane.

---

Mkulima_Bondeni

Nimepata. Tepu ya kitambaa ya fundi cherehani ya mita 1.5 haifiki, naunga kamba ya nailoni?

---

Bi_Kipimo

Usiunge. Nailoni ikilowa na kuvutwa na timazi inarefuka, na kila siku kwa kiasi chake, utaona mto unashuka kumbe kamba inanyooka. Nunua tepu ya chuma au ya faiba ya mita 30, ile ya kupimia viwanja. Timazi iwe ya kilo 1 au zaidi, nyepesi itabebwa na mkondo na tepu italala mshazari, umbali ukazidi. Na kila jioni tepu ifutwe maji na mchanga kabla ya kukunjwa.